Ncha ya Pili ya Kamba

Kagongwa,
6 Machi 1977

Mke wangu mdogo Lukresia,

Barua hii ikukute unapumua vizuri na umeshiba. Huku tunaendelea. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio, na mwaka huu limesema kweli: mahindi yamefika kiunoni na pamba imeota. Mama yako Serafina alikuja kutoka Kharumwa na bata wawili. Mmoja tumemla. Wa pili bibi yako amempenda, kwa hiyo haliwi. Huyo mke mwenzio Theopista hajambo. Nilipomwambia nakuandikia alisema, "Muulize mjukuu wako kama anavaa soksi." Basi nakuuliza.

Sasa sikiliza. Unamkumbuka Mzee Rehani, mwenye duka la vitenge kule kwenye gulio? Amerudi kutoka Hija na kalenda. Kwenye kalenda kuna msikiti mdogo wa Kituruki, mweupe, una kuba kubwa kama chungu kilichofunikwa, na barazani vikuba vitatu kama watoto wake. Waislamu wa hapa bado wanasali kwenye banda la bati, jua likiwaka wanaiva. Wamekubaliana kujenga. Mzee Rehani akaniletea kalenda mpaka nyumbani. "Otmar," akasema, "wewe umejenga makanisa na mapadri tangu ujana wako kule Ushirombo. Hili unaliweza?"

Pantaleo katekista alikuwa amekaa pale pale, akacheka kidogo puani. Ningejibu nini? Nikasema nimeshaona kazi ngumu kuliko hiyo.

Mke wangu, sijaona. Tao nalijua, nguzo nazijua, mnara wa kengele nimejenga. Lakini chumba kina pembe nne, na kuba halina pembe hata moja. Pale vinapokutana pana nini? Kalenda imepigwa kutoka nje, haisemi.

Wewe Serikali ilikupeleka kusomea miamba kwa Waturuki. Ingia kwenye msikiti wao mmoja, uangalie juu, unieleze. Usimwambie mama yako. Bibi yako anadhani nawajengea tangi la maji.

Ni mimi mume wako,
Otmar


Sarajevo,
17 Aprili 1977

Shikamoo Babu,

Barua yako ilifika imelowana, nikaikausha juu ya jiko la chuma la bwenini. Mimi mzima. Soksi navaa jozi mbili kwa wakati mmoja, mwambie Bibi. Theluji imeanza kuyeyuka na kila mtu hapa anatembea kama mtu aliyefunguliwa kutoka jela. Mitihani ya madini nimefaulu yote isipokuwa mmoja, ambao tutauzungumza siku nyingine.

Babu, hapa si Uturuki. Hapa ni Yugoslavia. Waturuki walitawala milima hii miaka mia nne, kisha wakaondoka, wakaacha kahawa, madaraja na misikiti. Umebahatika tu.

Nimekwenda kijiji kimoja huko milimani, kinaitwa Donje Vrelo, kwa sababu nilisikia msikiti wake ni mdogo na haujaharibiwa na mafundi wa siku hizi. Mlinzi wake, Mzee Ibro, ana umri kama wako na nyonga mbovu. Hata mnarani siku hizi hapandi, anaadhini mlangoni. Alinifungulia bila kuniuliza dini yangu. Aliniuliza tu kama nimekula.

Anasema aliyeujenga ni mjane, jina lake Hanifa, mume wake akiwa ofisa wa wapanda farasi aliyefia vitani. Marehemu alikuwa amewaahidi wanakijiji daraja. Hanifa akawaambia mto utasubiri. Watu walinuna miaka mingi, wakivuka na viatu mkononi kwenda kusali. Baadaye, katika vita vingine, askari walibandua madini ya risasi yaliyofunika kuba wakaenda kuyayeyusha kutengenezea risasi za bunduki. Mvua ikaingia, mti wa forosadi ukaota juu. Mzee Ibro akiwa kijana ndiye aliyeung'oa.

Sasa swali lako. Kuba halikai juu ya pembe. Katika kila pembe ya chumba, juu, wamejenga tao dogo la kukata kona, limeingia ndani kama nusu ya kibuyu. Kwa hiyo pembe nne zinakuwa nane. Na pande nane, Babu, ziko karibu sana na duara. Hapo tofali chache tu zinamalizia kazi. Chini kabisa ya kuba, kwa nje, kuna mkanda wa ukuta mzito wa pande nane, unalibana kuba lisipanuke. Na kuta za chini ni nene kuliko urefu wa mkono wangu. Tulipima kila kitu, mpaka mzingo wa kuba kule juu paani. Vipimo viko kwenye mchoro.

Kibla chao, kile kishubaka cha ukutani kinachoonyesha Maka iliko, kimechongwa juu kama sega la nyuki. Utakipenda.

Mjukuu wako,
Lukresia


Kagongwa,
12 Juni 1977

Mke wangu mdogo,

Mchoro umefika, nimeulaza chini ya godoro ili unyooke. Sisi wazima. Bata wa bibi yako sasa anaingia ndani na kutoka kama mpangaji. Mama yako ana homa za vipindi lakini anafundisha. Bei ya sabuni usiniulize, kwa sababu sabuni yenyewe hatujaiona.

Habari kubwa ni kwamba mke mwenzio amegundua. Alikuja kwenye ujenzi kuniletea uji, akauona mlango. Akasimama akautazama. "Tangi gani la maji lina mlango, Otmar?" Nikasema ni la kisasa. Akanimwagia uji miguuni, taratibu kabisa, kama mtu anayemwagilia mche. Tangu siku hiyo hapiti hata barabara ile. Anadhani nitabadili dini, halafu nioe msichana. Nimemwambia msichana ninaye tayari, yuko Sarajevo, hakucheka.

Sasa kazi. Umechora kibla upande wa kusini. Nusura nikijenge huko. Mzee Rehani ndiye aliyeniwahi: ninyi mko juu ya Maka, sisi tuko chini yake, wa kwenu wanaelekea kusini, wa kwetu kaskazini. Kwa hiyo msikiti wako na msikiti wangu imetazamana. Nilifurahi siku nzima.

Kuta zako nimezipunguza unene. Hao Waturuki walikuwa waoga. Na ule mkanda wa pande nane nitauweka mwembamba, kwa urembo.

Nina swali dogo. Kamba ya kupimia ina ncha mbili. Wewe unasema "tulipima". Ukiwa juu ya kuba, umeshika ncha moja, ni nani aliyeshika ncha ya pili?

Mume wako anayeuliza tu,
Otmar


Sarajevo,
20 Julai 1977

Shikamoo Babu,

Mimi sijambo. Huku ni joto na kila mahali kunanuka plamu zinazoiva. Wanazipika mpaka zinakuwa nyeusi kama lami, kisha wanapaka kwenye mkate. Mpe Mama pole ya homa. Mpe Bibi pole ya kuwa na wewe.

Babu, usipunguze kuta. Nakuomba kwa heshima zote. Kuba ni zito na linasukuma kwa pembeni, si chini tu. Ule mkanda si urembo. Ni kama kitenge alichofungiwa mtoto mgongoni: ukilegeza, mtoto yuko chini. Na mbao za kushikilia usiziondoe mpaka udongo wa kuunganishia uwe umekauka kabisa. Hata kama watu wanakuharakisha.

Hanifa mwenyewe aliwangoja mafundi wake wakati wote wa baridi, anasema Mzee Ibro, akiwapikia supu.

Kuhusu kamba, ncha ya pili aliishika Mzee Ibro.

Mjukuu wako,
Lukresia


Kagongwa,
2 Oktoba 1977

Mke wangu mdogo,

Sisi wote wazima kabisa. Narudia: wote wazima, hakuna aliyeumia. Mavuno ya pamba si mabaya. Mama yako amepona. Ng'ombe wa Donatus jirani alizaa ndama mwenye doa jeupe usoni, watu wanakuja kumtazama. Bata ametaga. Mwezi uliopita kulikuwa na upepo mwingi. Idi ilipita vizuri, Waislamu walisali bandani kama kawaida.

Sina habari nyingine ya kukuandikia.

Ila nilitaka kukuuliza kwa ajili ya fundi mmoja, simtaji jina. Tuseme huyo fundi aliondoa mbao mapema kidogo kwa sababu Idi ilikuwa inakaribia na watu wanamtazama. Na tuseme kuta zake si nene sana. Mnamshauri nini kule chuoni?

Na huyo Mzee Ibro wako nampa hongera. Mtu mwenye umri wangu na nyonga mbovu, asiyeweza kupanda mnara wenye ngazi, ameweza kupanda paa lisilo na ngazi na kuzunguka kuba akiwa ameshika kamba. Mwambie akija Tanzania nitampa kazi.

Mume wako,
Otmar


Sarajevo,
9 Novemba 1977

Shikamoo Babu,

Mimi mzima. Theluji imerudi. Ule mtihani mmoja nimeurudia na kuufaulu. Bibi na Mama wasalimie sana.

Babu, kuba limeanguka. Usinidanganye na ndama.

Ili usione aibu peke yako, mimi naanza. Aliyeshika ncha ya pili anaitwa Mrisho. Ni Mtanzania, anatoka Bukene, hapo hapo kwenye reli, na anasomea ujenzi mwaka wa mwisho. Tulikutana kwenye foleni ya makoti Serikali ilipotugawia, tukapewa makoti yaliyobadilishana: langu lilimfika magotini, lake lilinifika kisiginoni. Yeye ndiye aliyenipeleka Donje Vrelo. Yeye ndiye aliyetangulia kupanda juu, kisha nami nikapanda na ncha yangu ya kamba. Ni Muislamu, Babu. Anataka tuoane tukirudi. Nami nataka. Mama hajui, na nikimfikiria Bibi natetemeka kuliko ninavyotetemeka kwa baridi.

Mrisho anamwambia fundi asiyetajwa jina hivi: kama kuta zimeshajengwa nyembamba, asizibomoe. Azungushe chuma chini ya kuba, kimoja kisichokatika, akikaze vizuri na kukifukia ndani ya mkanda. Waturuki wenyewe walifanya hivyo mara nyingi.

Nijibu upesi. Nijibu yote mawili.

Lukresia


Kagongwa,
19 Februari 1978

Mke wangu mdogo,

Sisi wazima, na wewe pole kwa kungoja. Nilikuwa safarini.

Ndiyo, liliteremka. Ilikuwa mchana, baada ya sala, nikiwa nimesimama nje na Mzee Rehani. Tuliona ufa mmoja unatembea kama sisimizi, kisha tukasikia kitu kama mtu mnene anakaa kitini, na vumbi likatoka milangoni. Ndani hakukuwa na mtu. Mimi nikakaa chini. Miaka yote hiyo sijaangusha hata ukuta wa zizi. Pantaleo alipita na baiskeli akasema Mungu amesema. Mzee Rehani akamjibu, "Kama Mungu amesema, amesubiri watu watoke kwanza. Hiyo ni heshima kubwa." Akaniinua kwa mkono, akanipeleka dukani kwake, akanipa chai. Nilikunywa ile chai nikiwa sioni kikombe.

Nyumbani bibi yako alikuwa ameshasikia. Niliingia nikingoja maneno. Akanitengea ugali na yule bata. Ndipo nilipojua hali yangu ni mbaya.

Nilikaa wiki nyingi sishiki mwiko. Halafu barua yako ikaja na maneno ya yule kijana kuhusu chuma. Chuma cha kuzunguka kuba zima nitakipata wapi, na nondo hazipatikani hata kwa kibali? Nikamkumbuka Makoye. Unamjua kwa jina: mtani wangu, alikuwa akiendesha mashine ya kuvuta mawe kutoka shimoni kule mgodi wa Geita, kabla haujafungwa. Nikapanda lori mpaka Katoro, kutoka hapo nikapata jingine. Nikamkuta amezungushia zizi lake ile kamba ya chuma ya mgodini, nene kama kidole gumba, waliyoachiwa mgodi ulipofungwa. Ng'ombe wanajikuna nayo.

"Nitakupa," akasema. "Lakini nasikia kuba lako lilianguka. Sitaki kamba yangu iende kufia Kagongwa. Jenga kwanza dogo hapa, nilione."

"Nijenge juu ya nini?"

"Juu ya kuku."

Mke wangu, nimejenga kibanda cha kuku Geita chenye pembe nne, matao madogo kwenye kona, mkanda wa pande nane, na kuba. Nilikibana kwa waya. Nilipoondoa mbao, baada ya kungoja vizuri, Makoye alipanda juu akakaa, akaita mke wake naye akapanda. Limewabeba wote wawili, na wote si wadogo. Watu wanatoka Nyarugusu kuja kuangalia kuku wanaolala Kituruki. Jogoo anawika asubuhi mle ndani, sauti inatoka kubwa mpaka yeye mwenyewe anashtuka.

Basi kamba nimepewa. Imefungwa, imekazwa, imefukiwa. Kuba linapanda tena, na safari hii sina haraka na mtu.

Kuhusu lile jambo lako la pili, karatasi imekwisha.

Mume wako,
Otmar


Sarajevo,
2 Aprili 1978

Shikamoo Babu,

Mimi mzima. Karatasi ina upande wa pili.

Lukresia


Kagongwa,
23 Julai 1978

Mke wangu mdogo Lukresia,

Sisi wazima. Mama yako amehamishiwa shule ya karibu zaidi, amefurahi. Naandika pande zote mbili, ona.

Barua yako ndefu kama ile ilinifanya nifunge safari. Sikutaka kusema neno juu ya mtu ambaye sijaona alikotoka. Nikaenda Isaka, nikapanda treni mpaka Bukene. Nilipanga kila kitu: ningejifanya natafuta mbegu za mpunga, niulize ulize, nirudi. Nilivaa kofia nyingine. Nikafika penye nyumba yao, nikapiga hodi, akatoka mama mmoja mzee, mfupi, ameshika kinu kwa mkono mmoja kana kwamba ni kikombe. Akanitazama kutoka chini mpaka juu.

"Karibu, Otmar wa kuba," akasema.

Kumbe kijana aliandika kwao yote, na picha yangu uliyompa wewe imetundikwa ukutani. Huyo ni bibi yake, anaitwa Mageni. Nikamwambia nimefuata mbegu za mpunga. Akasema vizuri, akanipimia kweli, nimerudi na gunia. Tulikula kuku, tukazungumza mpaka treni ya kurudi ikakaribia. Nilimuuliza kama haogopi mjukuu wake kuoa Mkatoliki. Akasema, "Aliniandikia amepata Mkatoliki mkaidi. Nikafurahi. Huku kwetu wote ni wapole, tunaonewa na kila mtu."

Niliporudi nilimweleza mama yako kwanza. Alilia kidogo, akanuna siku kadhaa, kisha akauliza huyo kijana ana urefu gani. Padri nimemuuliza pia. Anasema Askofu huombwa ruhusa, na kwamba mtu aliyejenga msikiti asije kwake akijifanya ameshangaa. Hayo mtayamaliza wenyewe mkirudi.

Aliyebaki alikuwa bibi yako. Nilimwambia usiku mmoja tukiwa tunaondoa mawe kwenye mchele. Aliendelea na mchele mpaka hapakuwa na jiwe hata moja, akauanza tena upya.

Msikiti umefunguliwa kabla ya Ramadhani. Walikuja watu kutoka Kahama na Tinde. Nilikaa barazani chini ya vile vikuba vitatu, Mzee Rehani akakataa nikae juani. Waliposema "Amin" ndani, nilihisi sauti inapita juu ya kichwa changu na kurudi, na kuta zangu nyembamba zilitulia. Pantaleo alikuja akasimama ng'ambo ya barabara, akasema mnara umepinda. Haujapinda.

Siku tatu baadaye, asubuhi, mke mwenzio akavaa kanga yake ya Pasaka. Akasema, "Twende." Sikuuliza wapi. Tukapita ile barabara aliyoikataa mwaka mzima. Hapakuwa na watu. Mzee Rehani akatufungulia, akaenda zake. Bibi yako akavua viatu mlangoni, akaingia, akatembea mpaka katikati kabisa, akainua uso. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikaogopa shingo yake.

"Hili ndilo lililoanguka?"

"Lile lilikuwa kaka yake."

Halafu, polepole kama mtu anayeita mtoto aliyelala, akasema, "Lukresia." Kuba likalichukua jina lako, likalizungusha, likamrudishia. Akatabasamu. Akaita tena kwa sauti kubwa zaidi, likarudi tena. Mimi nilijitia kutazama dirisha.

"Na huyo mwingine anaitwa nani?"

"Mrisho."

Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akainua uso. "Mrisho," akaita.

Tukasikiliza wote wawili mpaka lilipomalizika kabisa.

"Haya," akasema, akitafuta viatu vyake. "Limewaitikia sawasawa."

Mume wako,
Otmar